Mwanafunzi Anayeuliza Si Mshtakiwa: Tamko la Walimu wa Ushauri Nasaha kuhusu Ujinsia na Utambulisho wa Kijinsia wa Vijana Wanaobalehe

Sisi, walimu wa ushauri nasaha katika shule za upili nchini Kenya, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wazazi na walezi, walimu wakuu, bodi za usimamizi wa shule, Wizara ya Elimu, Tume ya Huduma kwa Walimu, viongozi wa dini na vyombo vya habari.

1. Sababu ya tamko hili

Ofisini mwetu huja wanafunzi na maswali ambayo hawajathubutu kumuuliza mtu mwingine. Msichana wa miaka 16 hajaona hedhi hata mara moja, na anaogopa kumwambia mamake. Mvulana amevimba matiti, basi anaoga usiku wa manane ili wenzake wasimwone. Mwingine anampenda rafiki yake wa jinsia yake, na ameambiwa ana pepo. Mwingine anasema kwamba tangu utotoni watu wote humwita msichana, ilhali moyoni mwake hajawahi kujiona hivyo.

Wanaokuja kwa hiari yao ni wachache. Wengi huletwa. Kiranja ameandika ripoti, barua imekutwa ndani ya sanduku, mzazi amepigiwa simu, na kamati ya nidhamu imeshakaa. Mtoto hufika mbele ya mshauri akiwa amekwisha kuhukumiwa, na mshauri anatakiwa kuweka sahihi tu.

Mwishoni mwa Desemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alisema kuwa wanafunzi wanaopenda wenzao wa jinsia moja hawafai kukaa katika shule za bweni, bali wasome shule za kutwa karibu na kwao. Kauli hiyo ilipingwa na wengine na kushangiliwa na wengine. Sisi tuliona jambo moja ambalo pande zote mbili hazikulizungumzia sana: ili shule itekeleze agizo kama hilo, ni lazima mtu apewe kazi ya kuwachunguza watoto, kuwahoji na kuwaorodhesha. Kazi hiyo ingetuangukia sisi, na siku tutakapoifanya hakuna mtoto atakayetufungulia moyo tena, hata yule anayebakwa nyumbani.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: mwanafunzi anayeuliza kuhusu mwili wake, hisia zake au nafsi yake asikilizwe, atunziwe siri, apewe muda, na asibandikwe jina wala adhabu.

2. Mwili unaobadilika

Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana balehe kuwa kati ya miaka 10 na 19. Kwa kawaida dalili za kwanza huanza kwa wasichana wakiwa na miaka 8 hadi 13, na kwa wavulana miaka 9 hadi 14. Ndiyo maana darasa moja huwa na mvulana mwenye ndevu na mwenzake ambaye sauti haijavunjika, na wote wawili ni wazima.

Mambo mengi yanayowatisha vijana yana maelezo mepesi. Karibu nusu ya wavulana huvimba matiti kidogo wakati wa kubalehe kwa sababu ya mabadiliko ya homoni, na kwa wengi uvimbe huo hutoweka wenyewe katika muda wa miaka miwili hivi. Hauhusiani na mvulana huyo atampenda nani. Hata hivyo, wapo wanafunzi waliobadilisha shule kwa dhihaka ambayo sentensi mbili za mwalimu wa Bayolojia zingeizima.

Yapo pia mambo yanayohitaji daktari. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuona hedhi apelekwe hospitalini. Huenda amechelewa tu, huenda ana tatizo la lishe au la tezi, na huenda maumbile yake ya ndani ni tofauti na yanavyoonekana nje. Hilo halipimwi kwa macho ya matroni.

3. Watoto huntha

Baadhi ya watoto huzaliwa na maumbile ambayo si ya kike kikamilifu wala ya kiume kikamilifu. Wengine hutambuliwa siku ya kuzaliwa, na wengine hujulikana wanapobalehe: mtoto aliyelelewa kama msichana anaanza kuwa na sauti nzito na misuli ya kiume, au msichana mwenye umbo la kike kabisa anagunduliwa kuwa hana mji wa mimba.

Haya si mambo mapya kwetu. Wanazuoni wa mirathi ya Kiislamu walijadili fungu la huntha karne nyingi kabla ya shule hizi kujengwa. Sheria za Kenya nazo zimeanza kuwaona. Mwaka 2014, katika kesi ya mtoto aliyetajwa mahakamani kama Mtoto A, ambaye hospitali iliandika alama ya kuuliza mahali pa jinsia, Mahakama Kuu iliitaka serikali ishughulikie haki za watoto wa aina hiyo. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, na watu 1,524 waliandikishwa. Sheria ya Watoto ya 2022 inatamka kuwa mtoto huntha ana haki ya kuheshimiwa utu wake, kupata matibabu yanayofaa, malezi maalum na elimu.

Lakini sheria haijafika bwenini. Mwanafunzi huntha bado anaulizwa ataoga wapi na atalala na nani, huku sauti yake mpya ikisikika katika kwaya nzima. Shule nyingi hulimaliza jambo kwa kumwambia mzazi atafute shule nyingine. Tunasema hilo si suluhisho. Bafu lenye mlango unaofungika, ratiba ya kuoga inayompa kila mtoto faragha, na mwalimu mmoja anayejua habari zake na kunyamaza ni mambo ambayo shule yoyote inayamudu.

4. Mvuto na utambulisho

Tunawaomba wazazi na walimu watenganishe mambo matatu ambayo mara nyingi hutiwa katika kapu moja. La kwanza ni maumbile ya mwili. La pili ni mvuto, yaani kijana anavutiwa kimapenzi na nani. La tatu ni utambulisho wa kijinsia, yaani kijana mwenyewe anajihisi kuwa nani: mwanamume, mwanamke, au vinginevyo. Mojawapo haliwezi kukupa jibu la jingine. Mvulana mwenye sauti nyororo anayependa kupika hajatuambia chochote kuhusu mvuto wake. Msichana anayecheza kandanda na kukata nywele hajasema kuwa si msichana.

Kuhusu mvuto, elimu ya tiba imesimama mahali pamoja kwa muda mrefu sasa. Tarehe 17 Mei 1990, Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari wa Akili Duniani kilieleza kuwa hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba mvuto wa mtu unaweza kubadilishwa kwa matibabu, na kwamba majaribio hayo huleta madhara. Kuhusu utambulisho, orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 iliacha kuiweka hali ya kutolingana kwa jinsia na mwili miongoni mwa maradhi ya akili. Mtoto wa namna hii hahitaji kufungiwa chumbani afunge na kukemewa mapepo siku tatu, wala kupelekwa kwa mganga, wala kuozwa.

Tunajua pia kwamba ujana ni wakati wa kujitafuta. Kijana anaweza kuwa na hisia kali kwa rafiki yake, bweni zima likajua, na zikaisha. Mwingine atazibeba hisia zake maisha yake yote. Hakuna mwalimu awezaye kujua mapema nani ni nani, na si kazi yake kujua. Hivyo tunaonya dhidi ya pupa za aina mbili. Moja ni ya mtu mzima anayekimbilia kiboko na barua ya kusimamisha masomo. Nyingine ni ya mtu mzima anayemwambia mtoto wa miaka 14 kuwa yeye sasa ni fulani, basi akubali. Jina, kama litakuwapo, ni la kijana mwenyewe kulitaja, kwa wakati wake.

5. Sheria inavyosema

Tumesikia mara nyingi kwamba mwalimu akimsikiliza mwanafunzi wa aina hii anavunja sheria. Si kweli. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019, vinahusu vitendo. Hakuna sheria ya Kenya inayofanya hisia kuwa kosa, wala swali, wala ushauri.

Kwa upande mwingine, kumdhalilisha mwanafunzi ni kosa. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Katiba ya 2010 inalinda utu na faragha ya kila mtu, na kifungu cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kumsimamisha mtoto gwarideni na kumsomea barua yake ya mapenzi mbele ya shule nzima kunakiuka yote haya kwa pamoja.

Vyeti vya mitihani navyo vina historia yake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Kitaifa la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeulizwa na mwanafunzi aliyemaliza shule kuhusu kubadilisha cheti asimcheke, amwelekeze kwa mwanasheria.

Usiri wetu una mipaka, na tunaitaja wazi. Mtoto akitendewa unyama wa kingono, na mtu mzima au na mwanafunzi mwenzake, wa jinsia yoyote, tutaripoti. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haina msamaha kwa wanaowadhuru watoto, nasi hatuna. Vilevile mtoto akitaka kujiua, hatutanyamaza. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa Januari 2025, kujaribu kujiua si kosa la jinai, hivyo asipelekwe polisi, apelekwe hospitalini.

6. Nafasi iliyoachwa wazi

Zamani mwari alikuwa na somo wake, na mvulana alikuwa na wazee wa jando. Mafunzo hayo hayakuwa kamili, na mengine hatutaki yarudi, ukeketaji ukiwa wa kwanza. Lakini kijana alijua ni mtu mzima yupi aliyeruhusiwa kuulizwa mambo ya mwili. Leo mtoto yuko bwenini miezi tisa ya mwaka, bibi yuko mbali, mzazi anaona haya, mwalimu anamaliza silabasi. Simu ndiyo imekuwa kungwi wake, na simu humpa picha za ngono kabla ya maelezo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tukilificha jambo hili kwa heshima, hatujalimaliza, tumelihamishia mahali pasipo na mtu mzima.

7. Tunayoyataka

Kwa walimu wakuu na bodi: hakuna mwanafunzi atakayesimamishwa au kufukuzwa kwa sababu ya tetesi, mwendo, mavazi au kukiri hisia. Mshauri asikalie kiti katika kamati ya nidhamu inayomsikiliza mwanafunzi anayemshauri.

Kwa Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma kwa Walimu: tangu viboko viondolewe, shule zimetakiwa zitegemee ushauri nasaha, lakini wengi wetu bado tunafundisha vipindi kamili na kushauri wakati wa chai. Tupunguziwe vipindi, tupewe chumba chenye mlango, na tufundishwe mambo ya maumbile na ujinsia na wataalamu wa afya.

Kwa wazazi na walezi: mtoto akikwambia, usimjibu usiku huohuo kama umekasirika. Mwambie umesikia na bado ni mtoto wako, kisha mengine yafuate kesho.

Kwa viongozi wa dini: miongoni mwetu wamo Waislamu na Wakristo, na hatulingani katika kila fundisho. Hatuwaombi mbadilishe mafundisho. Tunawaomba msimtaje mtoto kwa jina mimbarini, na msimtoe nyumbani kwao.

Kwa waandishi wa habari: msichapishe picha, jina la shule wala kijiji cha mwanafunzi. Habari hupita kwa wiki moja, naye ataishi hapo miaka yote.

8. Tunayojifunga nayo

Kila mwanachama wetu atamweleza mwanafunzi mipaka ya usiri kabla ya mazungumzo kuanza. Hatutahubiri wala kushawishi. Hatutamfichulia mzazi, mwalimu au kiranja jambo ambalo mtoto hajaridhia, isipokuwa pale penye hatari tuliyoitaja. Tutamwelekeza hospitalini panapohitaji daktari, na tutabandika katika kila bweni namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo. Mwanachama atakayemsaliti mwanafunzi atajibu mbele ya chama, na mzazi au mwanafunzi yeyote ana haki ya kutushtaki kwa tamko hili.

Limetolewa na Kamati Kuu kwa niaba ya wanachama wote.