Mrembo Anatoka Mikumi, Jamaa wa Kilosa Anampikia Tambi?

Jamaa mmoja wa Kilosa mjini, jina kapuni, amemwalika mrembo anayefanya kazi lodge moja kule Mikumi aje kula chakula cha usiku kwake. Anapika mwenyewe. Hongera zake, maana wanaume wengi wakisema "njoo nikupikie" wanamaanisha chipsi mayai za kibandani zilizohamishiwa kwenye sahani ya udongo.

Shida ni menyu. Siku tatu yuko YouTube anasaka tambi za krimu na supu ya uyoga. Kaka! Huyo dada anashinda na watalii wa hifadhini. Tambi na supu za bufee anaziona kila siku. Kumpikia hivyo ni kumrudisha kazini.

Kilosa ni wilaya ya mpunga. Wali wa nazi, kisamvu, kuku wa kienyeji, vyote vipo bila kuagiza Dar. Ila kuku wa kienyeji ana dharau: akibandikwa saa moja jioni, saa nne bado anabishana na meno. Achemshwe mapema, mgeni akifika iwe kuunga tu. Mlenda mtamu, lakini siku ya kwanza kuvutana na nyuzi zake mbele ya mtu unayemtaka... usubiri ziara ya tatu. Na wale wa kutaka sifa kwa nyamapori kisa hifadhi iko jirani, bila kibali hiyo ni kesi, siyo kitoweo. Halafu meseji moja tu ya "unakula nini, huli nini?" ingemaliza nusu ya kazi.

Lakini kuna jambo zito kuliko chungu: atarudije? Mikumi ni wilaya hiyohiyo ya Kilosa, ila siyo mtaa wa pili. SGR inasimama Kilosa, Mikumi haifiki. Chakula cha saa mbili usiku maana yake dada analala huko, atake asitake, na washkaji wa jamaa wameshaanza kuhesabu "kuku kaliwa, deni lilipwe". Huo siyo ukarimu, ni mtego wenye nazi.

Mchana wa Jumapili unatosha kabisa, wali unanoga vilevile. Kama lazima iwe usiku, chumba cha gesti kilipiwe mapema na ufunguo akabidhiwe yeye, kabla sahani haijapakuliwa.