Barua ndani ya kopo la biskuti

Jumanne jioni, katika nyumba moja kaskazini mwa Adelaide, mama mmoja mzaliwa wa Kivu alishusha kopo la biskuti kutoka juu ya friji akamimina barua mezani. Nyingi hazijafunguliwa. Mwanawe wa darasa la nane ndiye msomaji wa nyumba. Alisoma sentensi moja mara mbili, akanyamaza. Muda wa kudai pesa ulikwisha tarehe 30 Juni.

Mwandishi wa safu hii alikuwepo, chai ikimpolea mkononi, na hasira aliyotoka nayo mle haijamtoka.

Pesa yenyewe ni nyongeza ya posho ya familia, ambayo serikali ya Australia huwalipa wazazi mwaka wa fedha ukishafungwa. Sehemu A huhesabiwa kwa kila mtoto, Sehemu B kwa familia. Mzazi ana mwaka mmoja wa kupeleka ritani ya kodi. Asiyetakiwa kuipeleka, kwa udogo wa kipato chake, naye lazima aseme kwamba hapeleki.

Hapo ndipo mama huyu alipokwama. Mwaka mzima hakuwa na mshahara; aliishi kwa posho ya serikali hiyo hiyo. Majirani walimwambia kodi haimhusu, na walisema kweli. Hawakujua kuwa hata hilo lazima mtu alitolee taarifa. Serikali inayomlipa kila wiki mbili inajua anapata nini, halafu inamnyima haki kwa kutoiambia. Huo ni uonevu.

Nyongeza hii ilianza 2004, enzi za Waziri Mkuu John Howard, dola 600 kwa kila mtoto, baada ya familia chungu nzima kuangukia madeni kwa kukadiria mapato yao chini. Ilikuwa ngao. Hata leo mwenye deni hukatwa humo kwanza. Tangu Julai 2016, nyongeza ya Sehemu A huwafikia tu wenye kipato kisichozidi dola 80,000 kwa mwaka; na posho yenyewe ya Sehemu A hupunguzwa watoto wasipochanjwa.

Chanjo! Mama alichomoa kadi nne, zote zimejaa mihuri, akazipanga mezani kama mtu anayejitetea mahakamani.

Mwenye sababu nzito anaweza kuomba kuongezewa muda, na mkalimani wa Kiswahili hupatikana bure kwa simu. Mama hakuwa na habari ya lolote kati ya hayo. Jumatano asubuhi kijana hakwenda shule: alikaa na simu sikioni, akisubiri kumsemea mama yake.