Ahadi ya Ada Isiishie Mwaka wa Pili

Jimbo la California limewapa wanafunzi wake ahadi nusu. Anayejiunga kwa mara ya kwanza na chuo cha jamii anaweza kusoma miaka miwili bila kulipa ada. Akiingia mwaka wa tatu katika chuo kilekile, kutafuta shahada ya kwanza ambayo jimbo lenyewe limeruhusu ifundishwe hapo, ahadi inakoma. Papo hapo ada inapanda kutoka dola 46 kwa uniti hadi dola 130. Tunasema ahadi hiyo ifike mwaka wa nne, na isisubiri bajeti nyingine tatu.

Kuna atakayeuliza California inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu watu wetu wako huko. Pita City Heights, San Diego, utasikia Kiswahili cha Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda na Burundi, na cha Wakenya na Watanzania waliofuata kazi na masomo. Wengi wao mlango wao wa kwanza wa elimu ya juu si chuo kikuu chenye jina kubwa. Ni chuo cha jamii kilicho karibu na kituo cha basi, kinachompokea mtu mzima bila kumdai alama za mtihani.

Vyuo hivyo viko 116, na wanafunzi wake ni takriban milioni 2. Mpango Mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960 ulivigawia kazi yake: mwanafunzi asome hapo miaka miwili, kisha ahamie chuo kikuu kumaliza shahada. Kwa mfumo tunaoujua sisi, ngazi yao iliishia kwenye stashahada. Shahada ilikuwa ya wakubwa, yaani Chuo Kikuu cha California na vyuo vikuu vya jimbo vinavyojulikana kwa kifupi kama CSU.

Mwaka 2014 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria ya seneta Marty Block wa San Diego iliyoruhusu vyuo vya jamii visivyozidi 15 kujaribu kutoa shahada ya kwanza, kila kimoja programu moja. Mwaka 2021 Gavana Gavin Newsom aliondoa neno jaribio. Sasa mpango ni wa kudumu, na programu mpya hadi 30 zinaweza kuidhinishwa kwa mwaka. Sharti kubwa ni moja: shahada ya chuo cha jamii isirudie ile inayotolewa tayari na chuo kikuu cha umma cha jimbo.

Sharti hilo limezaa orodha ya masomo ambayo watu wa vyuo vikuu hawakuwa wakiyagombea. Cypress wanafundisha shahada ya huduma za maiti na mazishi. Antelope Valley, eneo la viwanda vya ndege, wanafundisha utengenezaji wa bodi za ndege. Bakersfield wana mitambo ya kujiendesha ya viwandani. Foothill na West Los Angeles wana afya ya kinywa na meno. San Diego Mesa wana usimamizi wa taarifa za afya, kazi ya wale wanaohakikisha faili la mgonjwa halipotei na bima inalipa kilichofanyika. Feather River, chuo kidogo cha milimani, kilianza na shahada ya farasi na ranchi, baadaye kikaleta ya usimamizi wa moto wa nyika. CSU walipinga hiyo ya pili wakisema inaingilia masomo yao. Chuo hicho kiko kaunti ya Plumas, ambako moto wa Dixie ulipita mwaka 2021 na kuuteketeza mji wa Greenville. Kama kuna mahali pa kufundishia somo hilo, ni hapo.

Hizi ni shahada za kazi. Anayezisoma mara nyingi yuko kazini tayari, ana watoto, na hawezi kufunga mizigo kuhamia mji wa chuo kikuu. Tathmini iliyofanyiwa bunge la jimbo wakati wa majaribio ilikuta kuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi waliojibu wasingetafuta shahada kama isingetolewa katika chuo chao cha jamii. Nani mwingine angewasomesha?

Tuje kwenye hesabu. Miaka miwili ya kwanza ni uniti 60, na kwa dola 46 inakuwa dola 2,760. Miaka miwili ya mwisho ni uniti nyingine 60, ila kila uniti inabeba nyongeza ya dola 84, hivyo jumla yake ni dola 7,800. Shahada nzima ni dola 10,560. Wakuu wa vyuo wanaitaja namba hiyo kwa fahari, na wana haki, maana CSU peke yake inatoza ada ya dola 6,450 kwa mwaka katika mwaka wa masomo 2025/26.

Lakini mwanafunzi halipi wastani wa miaka minne. Analipa muhula ulio mbele yake. Kozi ya uniti 3 aliyoizoea kwa dola 138, au bure kabisa kama ahadi ilimfikia, mwaka wa tatu inamfikia mezani kwa dola 390. Mlezi wa wazee anayefanya zamu za usiku anaitazama bili hiyo, anatazama kodi ya nyumba ya San Diego, na anajua ipi haiwezi kungoja. Anasema atarudi muhula ujao. Wengi tunaowafahamu waliosema hivyo bado hawajarudi.

Ahadi yenyewe ina historia fupi. Sheria ya mwaka 2017 ilivipa vyuo fedha ambazo vinaweza kuzitumia kuwafutia ada wanafunzi wapya kwa mwaka mmoja. Mwaka 2019 ikaongezwa kuwa miwili. Walioiandika walifikiri juu ya chuo cha miaka miwili, na kwa vyuo vingi wakati ule walikuwa sahihi. Miaka miwili baadaye bunge hilohilo likaifanya shahada ya miaka minne kuwa jambo la kudumu katika vyuo hivyo, na ahadi ikaachwa ilivyokuwa. Hatudhani kulikuwa na hila. Sheria moja ilikwenda mbele na nyingine ikasahauliwa nyuma, jambo ambalo bunge lolote linaweza kulirekebisha likitaka. Hoja ya kufanya hivyo imekwishafikishwa Sacramento, makao makuu ya jimbo. Haihitaji kubuniwa upya.

Upo pia msamaha wa watu wa kipato cha chini, ulio mkongwe zaidi. Vyuo hivi havikuwa vikitoza ada hadi mwaka 1984, wakati wa Gavana George Deukmejian, ilipowekwa ya dola 50 kwa muhula. Msamaha ulizaliwa pamoja na ada hiyo, ili isimfukuze maskini. Siku hizi unaitwa California College Promise Grant na umewavusha wengi, wakiwemo watu wetu. Ila nao ulitungwa kabla vyuo hivi havijawa na mwaka wa tatu. Tunataka sheria iitaje ile nyongeza ya dola 84 kwa jina, iseme wazi kuwa inafutwa, isibaki nafasi ya karani mmoja kusema hivi na mwingine vile.

Wapo wanaosema kuipanua ahadi ni kumfaidisha asiye maskini, kwa kuwa maskini ana msamaha wake. Wakae na familia ya baba dereva na mama mfuaji nguo hospitalini, wote na ajira rasmi. Kwenye makaratasi kipato chao kimepita mstari. Kwenye maisha, baada ya kodi, gari na bima, hakibaki kitu cha kumlipia mtoto dola 3,900 kwa mwaka. Familia za namna hiyo ndizo zinazojaza makanisa na misikiti ya Waafrika Mashariki kusini mwa California. Si matajiri.

Pingamizi la pili tunaliheshimu zaidi: kwamba ada si mzigo mkubwa wa mwanafunzi wa California, mzigo ni nyumba na chakula. Ni kweli. Lakini ndiyo sababu ya kufuta ada, si ya kuiacha. Serikali kuu ya Marekani inatoa ruzuku ya Pell ambayo kiwango chake cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka, na mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia kwa gharama za maisha. Ada ikifutwa, ruzuku hiyo inalipa pango. Ada ikibaki, zaidi ya nusu yake inaondoka kabla mwanafunzi hajanunua mkate.

Halafu kuna bajeti. Jimbo limekuwa na nakisi, na hakuna mwaka ambao waziri wa fedha yeyote duniani amesema fedha zipo za kutosha. Lakini wanaosoma mwaka wa tatu na wa nne katika programu hizi ni sehemu ndogo mno ya wanafunzi hao milioni 2. Gharama ya kuwafutia ada ni ndogo leo kuliko itakavyokuwa baada ya programu mpya 30 kila mwaka. Kama kuna wakati wa kuanza, ni huu, wakati darasa bado ni dogo.

Tazama jimbo jingine. New Mexico ni miongoni mwa majimbo yenye kipato cha chini Marekani, na tangu 2022 inalipa ada ya wakazi wake katika vyuo vya umma hadi shahada ya kwanza. Inawachukua hata watu wazima wanaorudi shule na wanaosoma uniti 6 kwa muhula. Ni kweli wana fedha za mafuta. California nayo ina Silicon Valley.

Hapo kwenye uniti 6 ndipo tunapotaka Sacramento itazame kwa makini. Ahadi ya California inadai mwanafunzi abebe mzigo kamili, angalau uniti 12 kwa muhula. Kijana wa miaka 18 anayelala kwa wazazi ataumudu. Mama wa watoto watatu anayesoma jioni hawezi, na katika programu za shahada za vyuo vya jamii yeye ndiye mlengwa. Kumwongezea miaka huku ukimdai uniti 12 ni kumpa hundi asiyoweza kuipeleka benki. Masharti yote mawili yabadilike pamoja: miaka iwe minne, na anayesoma nusu mzigo afutiwe ada ya uniti alizochukua.

Tukiwa hapo, hatuwezi kuupita uuguzi. Mwaka 2024 Gavana Newsom alikataa kutia saini miswada miwili ambayo ingeruhusu baadhi ya vyuo vya jamii kujaribu shahada ya uuguzi. Watu wetu wangapi Marekani wameanza kwa kuwageuza wagonjwa vitandani katika nyumba za wazee, wakapanda kidogo kidogo, wakakwama kwa kukosa shahada? Gavana ana hoja zake na vyuo vikuu vina zao. Sisi tunaona walikosea, na tunatarajia miswada hiyo irudi.

Neno kwa wazazi walioko nyumbani, Nairobi au Dar es Salaam: unafuu huu ni wa wakazi wa California. Mwanafunzi anayekwenda kwa viza ya F-1 hatozwi dola 46 pekee kwa uniti. Anatozwa pia ada ya mgeni, ambayo ni mara kadhaa ya hiyo. Wakala akikuambia vyuo vya California ni bure, mwombe akuandikie kwenye karatasi yenye muhuri wa chuo, kisha ukipigie simu chuo chenyewe.

Na kwa mlioko huko. Aliye raia na mwenye kura amwandikie mbunge wake wa jimbo mambo matatu: ahadi ifike mwaka wa nne, nyongeza ya dola 84 ifutwe, na sharti la uniti 12 lilegezwe. Mwenye mtoto kidato cha mwisho ajaze naye FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa masomo, au fomu ya jimbo iitwayo CADAA kwa asiyestahili FAFSA, kabla ya tarehe 2 Machi. Mwanafunzi wa chuo cha jamii aliyechelewa bado anaweza kuomba Cal Grant, ruzuku ya jimbo, hadi tarehe 2 Septemba. Fomu zote mbili ni bure, na ofisi ya misaada ya chuo itakusaidia kuzijaza bila malipo. Usimlipe mtu kwa kazi hiyo.