Tovuti ya Chama ni Amana



Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walinena hivyo kabla ya kompyuta, lakini neno lao lazihusu pia tovuti za vyama vyetu vya huduma. Mara nyingi twakuta humo tangazo la mkutano uliokwisha zamani, taarifa ya fedha haipo, na simu haipokelewi. Mjane atafutaye msaada wa sheria akiipiga bure, ni nani aliyemnyima haki yake?

Twawasihi viongozi wayaangalie mambo matatu. Kwanza, jina la tovuti hukodishwa kwa muda tu. Lisajiliwe kwa jina la chama, si la kijana aliyeitengeneza. Ada isipolipwa, mlaghai aweza kulitwaa na kuomba michango kwa jina lenu. Maneno ya siri yatunzwe na viongozi wawili au zaidi. Pili, kamati iteue mtu wa kupitia kurasa zote kila baada ya miezi mitatu, na hesabu za mwaka ziwekwe wazi. Tatu, picha ya yatima isigeuzwe chambo cha kuvutia wafadhili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kuomba ridhaa ya mlezi si hisani, ni wajibu.

Tukidai uwazi kwa wakubwa, na tuanze nyumbani kwetu.

Mhariri