Tusiishie kwenye neno "mti"



Watoto wetu hapa Sugar Land wanaijua miti ya mitaani kwao, kila mmoja kwa jina lake la Kiingereza. Ukiwauliza kwa Kiswahili, yote ni "mti" tu. Naona tunawapa lugha nusu.

Tuanze na mti mmoja: mtundu. Ndiyo, mtundu, kama mtoto mtundu! Wanasayansi huuita Brachystegia spiciformis. Mti huu na ndugu zake wa Brachystegia ndio hasa wanaounda misitu ya miombo, kuanzia Tanzania hadi Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Angola. Pwani ya Kenya huitwa mrihi, nao uko kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede. Kwa hiyo, wazazi, mkisikia jina tofauti darasani, msiseme "hicho si Kiswahili". Majina yote mawili ni yetu.

Hapa Texas, jani likiwa jekundu mwezi wa Novemba, linakaribia kuanguka. Kwenye miombo ni kinyume. Majani machanga ndiyo huchipua mekundu, mwezi wa Septemba au Oktoba kabla ya mvua, halafu hugeuka kijani. Maua yake huwapa nyuki chakula, na asali ya Tabora inatoka huko. Wafugaji wa nyuki hutengeneza mizinga kwa magome yake. Mti mmoja tu, na mtoto amepata gome, mzinga, nyuki, nta na asali!

Najua wengine mtasema: mtoto hatauona mtundu Texas, afadhali ajue salamu na kuhesabu. Lakini mbona pengwini wanawajua, na hawajawahi kukutana naye? Na salamu zina mwisho. Bibi akishaitikia "marahaba", mtoto anabaki kimya, simu inarudi kwa mama. Wanaoyajua majina haya ni wazee wetu, na wazee hawatatungoja.

Kazi ya wiki hii: ukipiga simu nyumbani, baada ya shikamoo uliza, "Bibi, ulipokuwa mdogo kulikuwa na miti gani kwenu? Mliitumia kwa kazi gani?" Andika jina la mti mmoja na kazi yake, ulete darasani. Wazazi, msiwaandikie. Mtoto aulize mwenyewe, na akikosea, bibi atamrekebisha.