Histeria: Hippocrates Anasingiziwa

Hadithi mnaijua: tabibu wa Kigiriki Hippocrates aligundua ugonjwa wa histeria na kuupa jina kutokana na "hystera", mfuko wa uzazi, kwa kuamini kwamba mfuko huo hutangatanga mwilini mwa mwanamke. Ushahidi huu hapa. Wasomaji, hukumu ni yenu.

Wanaoisimulia hadithi hiyo wanadai jina ni lake. Lakini katika maandishi yote yanayohusishwa na Hippocrates, nomino "histeria" haimo. Kilichomo ni kivumishi "hysterikos", kinachohusu mfuko wa uzazi, basi. Aliyeweka "histeria" kwenye vichwa vya sehemu za kitabu cha magonjwa ya wanawake ni Émile Littré, aliyechapisha maandishi hayo kwa tafsiri ya Kifaransa kati ya 1839 na 1861. Mwanahistoria Helen King alilianika jambo hilo mwaka 1993. Kumbe shahidi wao mkuu ni vichwa vya sehemu vilivyoandikwa zaidi ya miaka elfu mbili baada ya marehemu kuzikwa.

Wakibanwa hapo hukimbilia Misri: ati papirasi ya kitabibu ya Kahun, iliyomtangulia Hippocrates kwa zaidi ya miaka elfu, inaeleza histeria. Waamue basi, Mgiriki aliigundua au aliikuta? Papirasi yenyewe inataja wanawake wanaoumwa macho, shingo, meno, na kuulaumu mfuko wa uzazi. Kutangatanga hakumo.

Dai la tatu lina uzito kidogo: kwamba neno lenyewe limebeba imani ya mfuko unaozurura. Imani ilikuwapo, sikatai. Mwanafalsafa Plato katika kitabu chake Timaeus anaufananisha mfuko na mnyama mwenye uchu wa kuzaa, na matabibu walimnusisha mgonjwa vitu vyenye uvundo ili kuufukuza ushuke. Lakini tabibu Soranus wa Efeso, karne ya 2 BK, aliikana imani hiyo pamoja na uvundo wake, na bado akauita ugonjwa kwa kivumishi kilekile. Neno analolitumia anayeamini na anayekana linathibitisha imani ya nani?

Limebaki lile la kwamba mzizi ukiwa mfuko wa uzazi, mwanamume hawezi kuugua. Kwa mantiki hiyo malaria, "hewa mbaya" kwa Kiitalia, tungeitibu kwa kufungua madirisha. Daktari Sigmund Freud alirushiwa hoja hiyo Vienna mwaka 1886, alipozungumzia histeria ya wanaume. Anasimulia kwamba daktari mzee wa upasuaji alimkumbusha kuwa "hysteron" ni mfuko wa uzazi. Mfuko ni "hystera", mzee. "Hysteron" ni "baadaye".