Sanduku la Magazeti ya Katuni: Thamani Yake Ni Nini?



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili hatukukusudia kuandika habari za katuni. Tulikuwa tumeandaa tafakari nyingine kabisa. Lakini baada ya Misa ya arobaini ya mzee mmoja wa hapa Katindiuka, wanawe walituomba tubaki kidogo ili tuwasaidie kuamua jambo. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamekwisha kugawanywa kwa amani, nyumba nayo vivyo hivyo, hata baiskeli. Jambo lililoleta maneno makali lilikuwa sanduku la bati lililotolewa chini ya kitanda cha marehemu, nalo lilijaa magazeti ya katuni.

Marehemu alikuwa mfanyakazi wa reli. Tangu ujana wake alikuwa akinunua magazeti hayo yalipofika kwa treni kutoka Dar es Salaam, akayasoma, akawasomea jirani zake barazani, kisha akayahifadhi. Kijana wake wa kwanza alitaka yauzwe, kwa kuwa alikwisha kufika mtu kutoka mjini akataja bei, na mjukuu anayesomea uuguzi anadaiwa ada. Dada yao hakutaka yaguswe. Mdogo wao, kwa kuchoshwa na mabishano, alisema heri yapelekwe kwa mama muuza karanga yapate kazi ya maana. Ndipo wakatugeukia: "Baba Paroko, haya makaratasi yana thamani gani hasa?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba siku chache tufikiri na kusoma. Jibu letu ni hili, na kwa idhini yao tunaliweka hapa, kwa maana tunaamini sanduku la namna hiyo haliko katika nyumba moja tu.

Tuanze na mahali ambapo vitabu vya katuni vimekuwa mali kubwa, yaani Marekani. Mwaka 1938 lilitoka toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Bei yake ilikuwa senti 10. Zilichapwa nakala zipatazo 200,000, na leo inakadiriwa kwamba zimesalia kama 100 tu. Mwezi Aprili 2024 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Mwezi Novemba 2025 nakala ya toleo la kwanza la Superman, la mwaka 1939, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9. Nakala hiyo ilikutwa na ndugu watatu darini mwa nyumba ya marehemu mama yao, ikiwa imefunikwa na magazeti ya kale. Msomaji ataona kwamba kisa chao hakiko mbali sana na cha hapa kwetu, ila kwa hesabu ya fedha.

Ni nini basi kinachoipa karatasi ya senti 10 thamani ya namna hiyo? Wengi hudhani ni uzee. Sivyo. Wakusanyaji hutazama mambo manne.

La kwanza ni uchache. Kitabu cha katuni kilichapwa kwa karatasi duni ya gazeti, kisomwe na kutupwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani walikusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya mahitaji ya vita, na katuni nyingi zikaenda humo. Hapa hatuna budi kusema ukweli unaotuhusu sisi Wakatoliki. Baada ya vita hiyo ilienea hofu kwamba katuni zinawaharibu watoto, na moto ukawashwa. Mwezi Desemba 1948, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, wanafunzi wa shule ya Kikatoliki walikusanya vitabu vya katuni nyumba kwa nyumba, wakavichoma hadharani. Hatusemi kwamba kila kilichochomwa kilikuwa kizuri. Tunasema tu kwamba waliowasha moto ule walisaidia, pasipo kujua, kuzipandisha bei nakala zilizonusurika.

La pili ni hali ya nakala. Tangu mwaka 2000 iko kampuni ya Kimarekani iitwayo CGC, ambayo hukagua kila kitabu na kukipa alama kuanzia nusu hadi 10. Mkunjo mdogo wa jalada, kutu ya pini, doa la maji, ukurasa uliokatwa, yote hupunguza alama. Hata ukarabati wa nia njema, kama kubandika selotepu mahali palipochanika, hushusha thamani. Nakala mbili za toleo moja zaweza kutofautiana bei mara mia, kwa sababu moja ilisomwa na nyingine haikuguswa.

La tatu ni nafasi ya toleo katika historia: je, ndimo alimoanzia mhusika fulani? Je, ni kazi ya kwanza ya mchoraji aliyekuja kuwa maarufu?

La nne, nalo ndilo linaloyashika yote, ni upendo wa watu. Anayenunua kwa fedha nyingi mara nyingi ni yule aliyekisoma kitabu hicho utotoni, au aliyekitamani akakosa, na sasa ana fedha. Pasipo watu wanaokumbuka, uchache hauna maana. Mwaka 1992 lilitoka toleo la 75 la Superman, ambamo shujaa huyo aliuawa. Watu walinunua mamilioni ya nakala, wengi wakaziweka katika mifuko bila kuzifungua, wakitumaini kutajirika. Leo nakala nyingi za toleo hilo zina bei ndogo, kwa kuwa kila mmoja alihifadhi kile alichohifadhi mwenzake. Kilichotunzwa kwa tamaa ya watu wote hakikupata nafasi ya kuwa adimu.

Sasa turudi Katindiuka, tulifungue lile sanduku la bati.

Ndani yake mengi ni matoleo ya Sani, gazeti lililosomwa mno katika miaka ya 1980, ambalo jina lake liliunganisha majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Wasomaji wetu wa makamo hawahitaji kuelezwa Madenge, Pimbi, Lodilofa na Ndumilakuwili ni nani. Hayo hayakuwa ya kwanza. Kabla yake wazee wetu walicheka na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na wenzetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Baadaye akaja Kingo wa James Gayo. Katika michoro hiyo wamo watu wa daladala na wa foleni ya sukari, wakubwa wenye matumbo, wajanja na wajinga, nao wanazungumza Kiswahili cha mtaani ambacho vitabu vya shule havikukiandika. Atakayetaka kujua watu wa miaka ile walicheka nini, na chini ya kicheko hicho waliogopa nini, atakuta mengi humo ambayo hayamo katika hotuba. Si ajabu kwamba watafiti wa Ulaya, kama Mjerumani Jigal Beez, wameandika makala za kitaaluma juu ya katuni za Kiswahili.

Na uchache je? Katika bonde letu la Kilombero hatukuhitaji vita wala mioto ya hadharani. Tunao mchwa. Tunao unyevu wa masika na mafuriko yanayoingia ndani bila hodi. Tunao ufundi wa kufungia karanga na maandazi, ambao umemaliza magazeti mengi kuliko mchwa. Tulikuwa pia na walimu na walezi waliomnyang'anya mtoto gazeti la katuni na kulitia jikoni, wakiamini wanamwokoa na upuuzi. Sanduku lililovuka hayo yote kwa miongo minne ni jambo la kustaajabisha.

Kwa vipimo vya wakusanyaji, basi, lina uchache, lina historia, na wako wanaolikumbuka. Kinachokosekana kwetu ni soko lililo wazi. Marekani kuna kitabu cha bei cha Overstreet, kinachochapwa tangu mwaka 1970, na muuzaji yeyote anaweza kukifungua kabla ya kuuza. Sisi hatuna. Kwa hiyo bei huwa ni ile anayoitaja mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi ndiye peke yake anayejua atakwenda kuuza wapi. Hapo tunatamka msimamo wetu bila kusita: kununua kwa mjane au yatima kitu ambacho wewe wajua thamani yake naye hajui, kisha ukanyamaza, si ujanja wa biashara. Ni dhuluma, hata kama fedha zimehesabiwa mezani na mkono umepeanwa.

Lakini lipo jambo la tano, ambalo mizani ya wakusanyaji hailioni, na ndilo lililotunyima usingizi.

Marehemu alikuwa na desturi ya kuandika juu ya majalada kwa kalamu ya wino. Aliandika siku aliyonunua, na mara nyingine neno moja au mawili: mto umejaa, treni imechelewa, mpunga umeanza kuchanua. Kwa mkaguzi wa Marekani hiyo ni dosari, na alama zitashuka. Tulipokuwa tukiyapanga mezani pamoja na wanawe, dada yao alinyamaza ghafla. Juu ya jalada moja, pembeni mwa uso wa Ndumilakuwili, baba yao alikuwa ameandika kwamba mama amejifungua salama alfajiri, mtoto wa kike. Tarehe ilikuwa ya kuzaliwa kwake yeye. Hakuwa amejua kamwe kwamba baba yake, mtu wa maneno machache, aliiandika siku ile mahali popote.

Je, jalada hilo limepungua thamani kwa sababu ya wino? Kwa mnunuzi wa mjini, ndiyo. Kwa mwanamke yule, hakuna alama kutoka nusu hadi 10 inayotosha. Wala wote wawili hawasemi uongo. Bei ni makubaliano ya watu wawili kwa siku moja. Thamani huongezeka au kupotea kwa miaka, kadiri watu wanavyokumbuka au kusahau.

Kwa hiyo tuliwashauri hivi, na twawashauri wote wenye masanduku. Kwanza, orodhesheni kila toleo, namba yake na mwaka wake, kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote. Pili, msiuze rejareja. Mkusanyiko ulio pamoja una thamani kuliko vipande vilivyotawanyika, na ukishatawanyika haurudi. Tatu, msibandike selotepu, msianike juani, msing'oe pini zenye kutu kwa nguvu. Laza magazeti mahali pakavu, mbali na sakafu na ukuta. Nne, kabla ya kukubali bei ya mtu mmoja, ulizeni kwingine. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ina sehemu maalumu ya maandiko ya Afrika Mashariki. Kuuliza hakuna gharama. Tano, yale yenye mwandiko wa baba kwanza yatengwe, yabaki nyumbani.

Hatukumlaumu kijana aliyetaka kuuza. Ada ya muuguzi ni sababu njema, na tunaamini marehemu mwenyewe angeyatoa magazeti yake yote ili mjukuu wake avae sare nyeupe. Kuuza si kosa. Kosa ni kuuza usichokijua, au kukichoma kwa sababu hukijui.

Tungeishia hapo, lakini dhamiri haituruhusu. Chini kabisa ya sanduku lilikuwamo daftari dogo. Humo marehemu aliandika kila gazeti aliloazimisha, na jina la aliyeazima. Mengi yamekatwa mstari, maana yake yalirudi. Machache hayakukatwa, na ndiyo mapengo yaliyomo katika mfululizo wake. Katika mstari mmoja ambao haujakatwa ameandika: Padre, Sani moja.

Tulikumbuka. Tulipofika parokiani, tukiwa wageni, mzee yule alitukuta tumekaa peke yetu barazani, akatupa gazeti ili tucheke kidogo. Tulicheka. Kisha likaingia katikati ya vitabu vyetu, nasi tukasahau kwa miaka mingi, na yeye, kwa heshima, hakutudai. Usiku ule tulilitafuta tukalipata, limeliwa kidogo na wadudu pembeni, lakini lote limo. Juu ya jalada kuna mwandiko wake.

Kesho yake tulilirudisha, tukaomba radhi mbele ya wanawe wote watatu. Dada yao alilipokea, akachukua kalamu, akakata ule mstari.

Ndugu msomaji, hebu tazama juu ya kabati lako. Pengine nawe unalo la mtu.

Tunawatakia Dominika njema.